Sahani Moja, Bei Moja: Mgahawa wa Mtaa kwenye Mpaka wa Rusizi I

Katika miji mingi ya Ulaya na Amerika Kaskazini, mgahawa wa Kithai wa mtaani umezoeleka kiasi kwamba wakazi hawajiulizi tena ulifikaje pale: chumba kimoja chenye meza chache, supu ya kamba iliyotiwa mchaichai na ndimu, wali mweupe wenye harufu nzuri, na tambi za kukaanga ziitwazo pad thai, ambazo zenyewe zilienezwa nchini Thailand kwa hamasa ya waziri mkuu Phibunsongkhram mwishoni mwa miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940. Nyuma ya kuenea huko kulikuwa na mkono wa dola. Mwaka 2002 serikali ya Thailand ilizindua mpango uliojulikana kama Global Thai, uliokusudia kuongeza idadi ya migahawa ya Kithai duniani kutoka takriban 5,500 hadi 8,000, na ulioambatana na mikopo kwa wafanyabiashara, mafunzo kwa wapishi, na baadaye cheti kiitwacho Thai Select, ambacho Wizara ya Biashara ya nchi hiyo huwapa wenye migahawa waliokidhi viwango vyake.

Afrika Mashariki chakula hicho kilipokewa, lakini hakikushuka mtaani. Mfano ulio wazi ni mgahawa wa Thai Chi jijini Nairobi, ambao umo ndani ya hoteli ya Sarova Stanley, katikati ya jiji, mahali ambapo anayeingia huwa mgeni wa hoteli, mtu wa ofisi kubwa au familia iliyo na jambo la kusherehekea, wala si fundi wa pikipiki aliyebakiwa na nusu saa kabla ya kurudi kazini. Kwa hiyo anayetaka kuelewa jinsi upishi wa nchi moja unavyoingia katika mtaa wa nchi nyingine, na ukakaa huko ukawa chakula cha kila siku, atapata somo kubwa zaidi akiziacha hoteli na kutazama mahali kama Rusizi I, katika wilaya ya Rusizi iliyokuwa ikijulikana zaidi kwa jina la Cyangugu, kusini-magharibi mwa Rwanda, ambako mapishi ya pande mbili za mpaka hukutana kila adhuhuri bila mpango wa serikali, bila mkopo na bila cheti cha aina yoyote.

Rusizi I ni jina la kituo cha mpaka kilichopo pale ambapo maji ya Ziwa Kivu hutoka na kuwa mto Ruzizi, unaoteremka kusini hadi Ziwa Tanganyika. Upande mmoja wa daraja ni Cyangugu ya zamani, mji mdogo wa ufukweni ulio chini ya Kamembe, ambako kuna soko, kituo cha mabasi na uwanja wa ndege. Upande wa pili ni Bukavu, mji mkuu wa jimbo la Kivu Kusini nchini Kongo, uliokuwa ukiitwa Costermansville katika sehemu kubwa ya ukoloni wa Kibelgiji na ambao kwa ukubwa unaipita Cyangugu kwa mbali sana. Malori mazito hupitia Rusizi II, daraja jingine lililo chini kidogo ya mto, na hivyo Rusizi I imebaki kuwa mpaka wa waendao kwa miguu na wa magari madogo. Hali hiyo, ambayo mhandisi wa barabara angeiona kuwa upungufu, ndiyo iliyozaa migahawa, kwa sababu lori hupita na dereva wake akaenda kula mbele ya safari, ilhali mama aliyebeba kapu la nyanya, mwanafunzi anayevuka kwenda chuoni, wakala wa forodha, mbadilisha fedha na mwendesha pikipiki wote hutembea, husubiri, huchoka, na ikifika saa sita mchana wote wana njaa mahali pamoja.

Mgahawa unaowahudumia watu hao huitwa na wenyeji resto au restora, na chakula chake kikuu cha mchana huitwa melanje, neno lililotoka katika Kifaransa na linalomaanisha mchanganyiko. Melanje ni meza ndefu au kaunta yenye masufuria na makarai yaliyofunikwa, ambapo mteja huchukua sahani, hujipakulia mwenyewe vyakula vyote vilivyopo kwa kadiri apendavyo, kisha hulipa bei moja isiyobadilika. Kwa kawaida huwamo wali, ndizi za kupika, viazi mviringo vya kuchemsha na vya kukaanga, viazi vitamu, makaroni, maharage, kabichi, mchicha ambao Wanyarwanda huuita dodo na Wakongo huuita lengalenga, na sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa kwa muda mrefu, ambayo watu wa pwani huyaita kisamvu. Uhuru huo wa kujipakulia una mipaka miwili ambayo haiandikwi ukutani lakini inajulikana na wote: mteja hujaza sahani mara moja tu, na nyama hapakui yeye. Nyama, au samaki panapokuwa na samaki, hugawiwa na mhudumu anayesimama mwisho wa meza akiwa na upawa wake, kipande kimoja na mchuzi, na hapo ndipo husikika maneno machache yanayobadilishanwa kati ya pande mbili, “Mama, ongezea mchuzi kidogo,” na jibu ambalo hutegemea sura ya mteja, umri wake na idadi ya siku alizokwisha kula pale.

Kanuni ya kujaza mara moja imezaa ufundi wake. Mlaji mzoefu wa melanje hupanga sahani kama mkulima wa milima ya Rwanda anavyopanga matuta: vyakula vikavu na vigumu, kama viazi vya kukaanga na ndizi, huwekwa pembeni ili vizuie, wali hujazwa katikati, maharage hulala juu ya wali ili rojo yake ishuke ndani badala ya kumwagika, na sombe hubandikwa mahali ambapo haitashindana na kipande cha nyama kinachongojewa. Wageni wanaoshuhudia sahani hizo kwa mara ya kwanza huzicheka au huzipiga picha, na baadhi ya waandishi wamezitaja kama kioja cha Rwanda. Hukumu hiyo ni ya haraka, kwa kuwa mtu anayekula mlo mmoja mkubwa kwa siku na anayelipa bei isiyopungua akila kidogo hafanyi kioja akijaza sahani, anafanya hesabu.

Hesabu ya mwenye mgahawa ni ngumu zaidi, na ndiyo kiini cha biashara yenyewe. Kwenye Rusizi I bei za bidhaa hazitulii. Nyanya iliyokuwa rahisi asubuhi hupanda ikiwa wanunuzi wengi wamevuka kutoka Bukavu. Mawese, yaani mafuta ya mchikichi yanayohitajika kwa sombe, hubadilika bei kufuatana na hali ya barabara za huko yanakotoka. Na fedha zinazozunguka ni za aina tatu, faranga ya Rwanda, faranga ya Kongo na dola ya Marekani, ambazo thamani yake kati yao hutangazwa kila siku na wabadilisha fedha waliokaa kando ya barabara. Mgahawa wenye orodha ya vyakula, kama ule wa Kithai wa London, ungelazimika ama kuandika upya bei zake kila wiki ama kumwambia mteja kwamba nusu ya vilivyoandikwa havipo. Melanje imelitatua tatizo hilo kwa njia iliyo kinyume kabisa: bei imesimama, sahani ndiyo inayosogea. Mchele ukipanda, sufuria ya wali hupungua na ya viazi vitamu huongezeka; nyama ikiadimika, kipande huwa kidogo na mchuzi huwa mwingi, au mahali pa nyama ya ng'ombe huchukuliwa na sambaza. Mteja hujua kwamba kuna kilichobadilika, lakini fedha aliyoitenga asubuhi kwa ajili ya chakula bado inatosha, na kwa mtu anayeishi kwa kipato cha siku jambo hilo ndilo la kwanza.

Inafaa hapa kurudi Thailand kwa muda mfupi, kwa sababu mgahawa wa Kithai unaojulikana nje ya nchi hiyo si ule ambao Mthai wa kawaida hula chakula chake cha mchana. Mitaani Bangkok kuna maduka ya chakula yaitwayo khao rat kaeng, maana yake wali uliomwagiwa mchuzi, ambapo vyakula hupikwa alfajiri, hupangwa katika sinia nyuma ya kioo au juu ya meza, na mteja husimama mbele akaonyesha kwa kidole michuzi anayoitaka juu ya wali wake. Hakuna orodha na hakuna anayepikiwa peke yake. Aliyekula melanje Cyangugu angelielewa duka hilo mara moja, isipokuwa jambo moja lingemshangaza: huko bei huhesabiwa kwa idadi ya michuzi, mmoja, miwili au mitatu, na ni muuzaji anayepakua, ilhali Rusizi bei hushikamana na sahani na kinachohesabiwa ni nyama pekee. Tofauti hiyo inaonyesha kile ambacho kila mtaa unakiona kuwa adimu. Mgahawa uliosafirishwa nje na mpango wa mwaka 2002 ulikuwa kitu cha tatu, kilichobuniwa kwa ajili ya watu wanaokwenda kula jioni wakiwa na muda, na pengine ndiyo sababu mahali kama Nairobi uliishia hotelini.

Kati ya vyakula vyote vinavyopita katika meza ya Rusizi I, sambaza wanastahili kuzungumzwa kwa urefu. Ni samaki wadogo, wembamba, wenye rangi ya fedha, wa jamii moja na dagaa, na leo hakuna chakula kinachotajwa haraka zaidi mtu anapozungumzia Ziwa Kivu. Hata hivyo, si wenyeji wa ziwa hilo. Ziwa Kivu lilikuwa na aina chache za samaki, na katika maji yake ya wazi hapakuwa na samaki wa kula viumbe wadogo sana wanaoelea, waitwao planktoni. Kwa hiyo kati ya 1958 na 1960 wataalamu wa utawala wa Kibelgiji walichukua samaki wachanga kutoka Ziwa Tanganyika na kuwamwaga Kivu. Walikusudia kupandikiza aina mbili, lakini ni moja tu iliyostawi, ile inayoitwa kisayansi Limnothrissa miodon. Uvuvi wake wa kibiashara ulishika kasi baada ya mradi wa Umoja wa Mataifa ulioanzishwa Gisenyi, kaskazini mwa ziwa, mwishoni mwa miaka ya 1970, uliofundisha matumizi ya nyavu za kuinua. Vyombo vinavyotumika hadi sasa ni mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, yenye miti mirefu inayochomoza mbele na nyuma, ambayo hutoka machweo na kuwasha taa ili samaki wavutwe na mwanga, kisha wavu uliozamishwa chini yao huinuliwa.

Kwa kuwa uvuvi hutegemea taa, hutegemea pia giza. Usiku wa mwezi mpevu mwanga hutapakaa juu ya ziwa lote na taa za wavuvi hupoteza nguvu yake, hivyo samaki hupungua sokoni kwa siku kadhaa kila mwezi; na juu ya hilo, mamlaka husimamisha uvuvi kwa kipindi fulani kila mwaka ili samaki wazaliane. Mpishi wa mgahawa wa mpakani hulazimika kuijua kalenda hiyo kama anavyoijua ya kodi ya nyumba. Sambaza wanapokuwa tele hukaangwa wabichi katika mafuta mengi hadi wawe wakavu wa kutafunika wazima na vichwa vyao, na huliwa kwa chumvi, ndimu na pilipili, ama ndani ya melanje ama jioni pamoja na bia. Wanapoadimika, waliokaushwa juani hutumbukizwa katika sombe au katika mchuzi wa nyanya ili ladha yao ienee kwa watu wengi zaidi. Mwaka 2006 samaki mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys tanganicanus, alionekana Kivu kwa mara ya kwanza, safari hii bila kuletwa kwa mpango unaojulikana, na wavuvi wakampa jina la Rwanda Rushya, yaani Rwanda mpya. Walaji hawajampa heshima ya sambaza, ingawa naye hukaangwa na huuzwa. Ulimi wa mtaa, uliomkubali sambaza hadi ukasahau kwamba alikuwa mgeni, bado unamtazama huyu kwa jicho la pembeni.

Mchele nao una safari yake. Kusini mwa wilaya, ardhi hushuka hadi bonde la Bugarama, sehemu ya chini na yenye joto kuliko zote nchini Rwanda, ambako mpunga hulimwa kwa umwagiliaji. Kilimo hicho kilienezwa nchini kuanzia miaka ya 1960 kwa msaada wa wataalamu wa Taiwani, na baadaye wa China bara, kwa watu ambao kwao, kabla ya hapo, wali ulikuwa chakula cha sikukuu, cha shule za misheni na cha Waswahili wa mijini. Leo katika maduka ya Kamembe mchele wa Bugarama huuzwa pamoja na mchele wa Tanzania, unaopendwa kwa harufu yake, na magunia yaliyotoka Pakistani na Thailand. Hivyo Thailand, ambayo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mchele duniani, imo katika sahani ya mtaa huu kwa njia isiyotangazwa, ikiwa imelala chini ya maharage, na mlaji anayeijua huijua kama jina la gunia.

Sombe ni chakula kinachoonyesha vizuri zaidi kwamba mpaka haukugawa jiko. Majani yale yale hupikwa pande zote mbili, lakini upande wa Rwanda hutiwa mara nyingi unga wa karanga na kuwa mazito, ilhali wapishi waliojifunza Bukavu hupenda mawese mengi na kipande cha samaki mkavu, na katika migahawa ya karibu na daraja mitindo hiyo imeingiliana kiasi kwamba sufuria moja huwa na karanga, mawese na sambaza kwa pamoja. Ugali wa muhogo, ambao Bukavu huitwa bukari, hupatikana pia, na kwa Mkongo aliyevuka asubuhi mgahawa usio na bukari ni mahali pa kupitisha muda tu. Pilau, chapati na sambusa zilikuja kwa njia nyingine, kupitia wafanyabiashara Waislamu na askari waliozungumza Kiswahili waliofika na utawala wa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19, na ambao vizazi vyao na waliosilimu baada yao bado wana misikiti na biashara Bugarama na Kamembe. Kiswahili chenyewe kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, lakini mezani Rusizi I hakikusubiri sheria, kwa kuwa ndicho kinachomwezesha Mshi wa Bukavu na Mnyarwanda wa Kamembe kubishana juu ya ukubwa wa kipande cha nyama.

Juu ya meza huwekwa chumvi na pilipili, na katika Rwanda pilipili maana yake mara nyingi ni Akabanga, kichupa kidogo chenye kitundu cha kudondoshea, kinachotengenezwa na kampuni ya Sina Gérard huko Nyirangarama, kwenye barabara ya kutoka Kigali kwenda Musanze. Ni mafuta yenye ukali uliokamuliwa katika pilipili, na matone mawili hutosha sahani nzima. Katika maduka ya tambi ya Thailand mezani huwekwa vikopo vinne, vya pilipili kavu, sukari, siki yenye pilipili na mchuzi wa samaki, ili kila mlaji amalizie mwenyewe upishi wa bakuli lake. Kanuni ni ile ile, kwamba mpishi wa watu wengi hupika kwa kiasi cha katikati na kumwachia mteja haki ya kuzidisha. Pilipili zote hizo, za Bangkok na za Nyirangarama, asili yake ni bara la Amerika, na zilifika Asia na Afrika katika karne ya 16 kwa merikebu za Wareno. Vivyo hivyo muhogo, karanga, maharage, viazi vitamu, viazi mviringo na nyanya, kiasi kwamba ukiondoa vyakula vya asili ya Amerika katika melanje hubaki hasa ndizi, kabichi, wali, makaroni na nyama.

Saa za mgahawa hufuata saa za mpaka. Kivu Kusini na Rwanda hutumia saa moja, tofauti na Kinshasa iliyo nyuma kwa saa moja, na hivyo mchana huanguka kwa wakati mmoja pande zote mbili za daraja. Asubuhi na mapema huuzwa chai ya maziwa yenye tangawizi, mandazi, chapati, mayai na maziwa ya mgando, kwa watu wanaongoja geti lifunguliwe. Adhuhuri ni ya melanje, ambayo kilele chake ni kifupi na baada yake masufuria huwa yamekwisha. Jioni huwaka makaa ya kuchomea mishikaki ya mbuzi, ndizi na viazi, na meza hupokea chupa za Primus na Mützig. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba jiko hilo huendeshwa kwa makaa kando ya ziwa ambalo kilindini mwake kuna gesi ya methani nyingi, na ambalo tangu 2016 hutoa umeme katika mtambo wa KivuWatt huko Karongi. Lakini gesi iliyogeuzwa umeme haichomi mshikaki. Anayetaka kubeba chakula chake hufungiwa katika karatasi au huleta chombo, kwa kuwa Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kwa sheria ya mwaka 2008, na msafiri kutoka Bukavu mwenye mfuko wa rambo hunyang'anywa mpakani.

Malipo yana ngazi. Mpita njia hulipa taslimu au kwa simu kabla ya kuondoka. Mfanyakazi wa kudumu wa eneo hilo huandikwa katika daftari na kulipa kwa wiki au kwa mwezi. Daftari hilo humpa mwenye mgahawa uhakika wa idadi ya sahani, na bila uhakika huo asingejua apike kilo ngapi, lakini humfanya pia kuwa mkopeshaji wa watu ambao kazi zao huishi na kufa na mpaka. Hatari hiyo ilionekana Machi 2020, Rwanda ilipofunga mipaka yake kwa watu kwa sababu ya ugonjwa wa Covid-19 huku mizigo ikiendelea kupita, na migahawa ikaruhusiwa kuuza chakula cha kubeba tu. Na tena Juni mwaka huo huo, Rusizi iliporudishiwa amri ya kukaa nyumbani baada ya maambukizi kuongezeka wakati sehemu nyingine za nchi zikifunguliwa. Meza ya melanje, ambapo watu wengi hushika miiko ile ile, ilikuwa miongoni mwa vitu ambavyo kanuni za afya zilivitazama kwa shaka kubwa, na wahudumu wakaanza kupakua wao badala ya wateja, jambo ambalo kwa muda liliifanya Cyangugu ifanane zaidi na Bangkok. Februari 2025, kundi la waasi la M23 lilipoiteka Bukavu na benki za mji huo kufunga milango, mpaka ulibaki pale pale lakini fedha taslimu zikawa adimu kwa wateja wa upande wa pili, na daftari la madeni likawa kitabu kizito zaidi katika mgahawa.

Je, jiko la Kithai lingeweza kusimama hapa? Kwa viungo, pengo ni dogo kuliko inavyodhaniwa. Mchaichai huota bustanini na hutumiwa kwa chai. Tangawizi, kitunguu saumu, ndimu, karanga, pilipili, mchele na nyama vipo sokoni Kamembe. Mchuzi wa samaki, ambao ndio chumvi ya upishi wa Kithai, hutengenezwa kwa kuchachusha samaki wadogo na chumvi kwa miezi mingi, na sambaza ni wa jamii ya karibu vya kutosha kwa mtu mwenye subira, na mwenye majirani wavumilivu, kujaribu. Kinachokosekana kwa kweli ni nazi, kwa sababu mnazi hupenda joto na pwani iko mbali, na tui la kopo huuzwa kwa bei ya anasa. Lakini hata tui lingepatikana, mpishi huyo angepaswa kukubali masharti ya mahali: apike alfajiri, apange masufuria mezani saa sita kabla ya watu wa daraja kufika, aweke bukari pembeni kwa ajili ya Wakongo, na atoze bei ya sahani moja. Mchuzi wake wa kijani ungekuwa sufuria ya kumi kwenye meza, baada ya kabichi na kabla ya nyama, na kama ungekuwa na mafuta ya kutosha kulowesha wali, ungeisha mapema.